Mlango wa Chakula

Kaka yangu aliniuliza swali lile akiwa ameshika vidonge vitatu kiganjani, asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya mawe ya Old Shinyanga. "Hivi, mwalimu, hii dawa inaingiaje kwa hao wadudu? Wana geti?"

Ilikuwa mwaka 2016. Nilikuwa nimesimama mbele yake na kadi ya matibabu mkononi, nikichungulia saa maana shuleni kengele inagonga saa moja na nusu. Nikamjibu kama mtu anayejibu mtihani wa kidato cha nne: "Inapenya kwenye utando wa seli." Akacheka, akakohoa, akameza. Nikaweka alama ya vema kwenye kisanduku cha siku ile, nikaondoka.

Jibu langu halikuwa la uongo, ila lilikuwa jibu la mtu mwenye haraka. Nimekaa nalo miaka mingi, na sasa nataka kumjibu vizuri, japo yeye hasomi blogu.

Mimi ni mwalimu wa biolojia. Nilisoma chuo cha ualimu kati ya 2011 na 2013, na ada yangu, hadi shilingi ya mwisho, ilitoka shimoni huko Nyarugusu, mkoani Geita. Kaka alikuwa mchimbaji mdogo. Anashuka duarani kwa kamba, anagonga mwamba kwa nyundo na tindo, mawe yanapandishwa kwa viroba, kisha kila mtu anapata mgao wake wa mawe na kuyapeleka karashani yakasagwe. Zikipatikana gramu mbili tatu, simu yangu inalia: umepokea kiasi fulani kutoka kwa fulani. Kuna muhula nilinunua kitabu cha mikrobiolojia kwa pesa hiyo. Humo ndimo nilimokutana kwa mara ya kwanza na mchoro wa ukuta wa bakteria, nikaukariri, nikafaulu. Nilipokuwa naukariri, kaka alikuwa chini ya ardhi amejifunga kitambaa mdomoni.

Kitambaa hakizuii lile vumbi. Mwamba unaobeba dhahabu kule kwetu una kwazi nyingi, na kwazi ni silika. Chembe zake zile ndogo kabisa, ambazo jicho halizioni, zinashuka mpaka mwisho wa pafu. Huko kuna seli za ulinzi, makrofaji, ambazo kazi yake ni kumeza kila kigeni kinachoingia. Zinaimeza silika, zinashindwa kuisaga, zinakufa. Zinakuja nyingine, zinameza, zinakufa nazo. Pafu linabaki na makovu na walinzi wamechoka, na hapo bakteria wa kifua kikuu hupata nafasi yake. Ndiyo maana wachimbaji huugua kifua kikuu kuliko watu wengine, na ndiyo maana hatari hiyo haiishi siku mtu anapoacha kuchimba. Vumbi analokwenda nalo nyumbani halitoki.

Basi kaka akarudi Shinyanga amekonda, jasho la usiku linalowesha shuka, makohozi yana damu. Kipimo kikasema kifua kikuu. Matibabu ni miezi sita: miwili ya mwanzo dawa nne ndani ya kidonge kimoja, minne inayofuata dawa mbili. Hapa nchini mgonjwa anaruhusiwa kuchagua mtu wa nyumbani wa kumshuhudia akimeza. Akanichagua mimi.

Niliipokea kazi ile kwa fahari kidogo. Nilikuwa nimesoma kwamba utaratibu huu wa kumshuhudia mgonjwa na kuandika kila dozi, ambao Shirika la Afya Duniani liliueneza miaka ya 1990 kwa jina la DOTS, ulikuzwa kwa sehemu kubwa hapa hapa Tanzania, kwenye mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulioanza 1977, akiwemo daktari Karel Styblo kutoka Ulaya. Kwa hiyo ile kadi ya karatasi ngumu niliyoishika ilikuwa na ukoo wake. Niliishika kama cheti.

Ambacho kadi haikuwa nacho ni kisanduku cha chakula. Zile dawa ukizimeza tumbo likiwa tupu zinakuchafua roho. Halafu, ukianza kupona, hamu ya kula inakurudia yote kwa mkupuo, kama deni. Kaka alikuwa anamaliza ugali wa watu watatu na bado anaangalia sufuria. Mke wake alipika michembe, alipika nsansa, akakopa mahindi kwa jirani. Mshahara wangu mnaujua. Kaka akawa anatania: "Dawa ya bure, ila inakula."

*

Sasa nirudi kwenye geti.

Bakteria ni kiumbe cha seli moja, na kila anachokula lazima kitoke nje kuja ndani. Hana mdomo. Wengi wao, kama E. coli wa tumboni mwetu, wana tando mbili zilizozungushiana, na ule wa nje ni mgumu kupenyeka. Ili asife njaa, ameuwekea matundu madogo ya protini yaliyojaa maji. Wataalamu wanayaita porini, na wanafunzi wangu hawajawahi kulisikia neno hilo bila kucheka, wakamuona bakteria kavamia pori la akiba. Sukari inapita humo, asidi amino zinapita, chumvichumvi zinapita. Tundu halichagui sana, linaangalia zaidi ukubwa: kitu cha uzito wa daltoni 600 hivi kushuka chini, kinachopenda maji, kinapenya. Na ampisilini, dawa ambayo wengi wetu tumeimeza utotoni, iko ndani ya kipimo hicho. Inapita tundu lile lile la sukari.

Hilo ndilo ambalo asubuhi ile sikulisema. Hakuna geti la dawa. Hakuna kiumbe anayejijengea mlango wa kuingizia kifo chake. Kuna mlango wa chakula, na dawa inapita humo.

Bakteria akitaka kuikwepa anaweza. Wapo wanaopunguza matundu, au wanaoyafanya membamba zaidi, na dawa ikabaki nje. Lakini na sukari nayo inabaki nje. Anakuwa sugu na anakuwa na njaa. Kwenye sahani ya maabara isiyo na dawa, ndugu zake wenye milango wazi mara nyingi wanamwacha nyuma.

Bakteria wa kifua kikuu ni mbahili kuliko hao wote. Yeye kajifunika koti la nta, mafuta ya minyororo mirefu, na vitu vinaingia kwake polepole mno. Miaka mingi watu walijiuliza sukari inampitiaje mtu aliyejifunga hivyo, na ni juzi juzi tu, mwaka 2020, watafiti walipoonyesha kwamba anazo protini za aina yake zinazompitishia chakula kwenye lile koti. Na anapenda mafuta: akiwa ndani ya seli zetu anakula kolesteroli yetu. Wakati E. coli kwenye mazingira mazuri anagawanyika kila dakika 20, huyu anachukua karibu siku nzima. Hana haraka. Ana mwenyeji mmoja na muda wa kutosha.

Dawa za kaka zilimfikia kwa njia tofauti. Rifampisini ni kubwa, ina uzito wa daltoni 823, lakini inapenda mafuta, kwa hiyo inazama taratibu ndani ya nta yenyewe. Ndiyo ile iliyogeuza mkojo wa kaka ukawa rangi ya chungwa, akatangaza nyumba nzima kwamba ameanza kutoa dhahabu. Isoniazidi na pirazinamidi ni vitu vidogo, 137 na 123 tu, vinajipenyeza. Na zikishaingia hazina sumu bado. Bakteria mwenyewe ndiye anayezipika. Isoniazidi inaivishwa na kimeng'enya anachokitumia kujikinga na makali ya oksijeni ambayo seli zetu humrushia. Silaha yake mwenyewe ndiyo inayomwashia moto. Na bakteria anayekuwa sugu kwa isoniazidi, mara nyingi ni yule aliyekiharibu kile kimeng'enya, yaani amevunja ngao yake ili apone.

*

Mwezi wa nne wa matibabu kaka aliondoka.

Alikuwa ameongezeka kilo, kikohozi kimekata. Mtoto wake wa kwanza alikuwa anaingia sekondari. Nyumbani mahindi yalikuwa yameisha, na kudaiwa kumeshakuwa kwingi. Jamaa wa Geita wakampigia simu kwamba kuna shimo limeanza kutema. Akafunga begi, akatia vidonge vya wiki kadhaa kwenye chupa ya plastiki, akaniaga mbele ya mama.

"Kaka, daktari alisema usirudi kwenye vumbi."

"Alisema na nile vizuri," akajibu. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayesoma maandishi ya upande wa pili wa karatasi ile ile.

Sikumzuia. Ningemzuia kwa kinywa gani? Mimi mwenyewe nilikuwa nimelishwa kwa mlango ule.

Kadi ikabaki kwangu. Kila jioni nikawa nampigia. "Umemeza, kaka?" "Nimemeza, mdogo wangu." Nikaweka vema. Siku nyingine mtandao hakuna, simu haipatikani, yuko chini. Nikaweka vema. Nilijiambia atakuwa amemeza, yeye si mtoto. Nilijiambia pia, na hili sijawahi kuliandika popote, kwamba kadi yenye visanduku vitupu ingeonekana mbaya kwangu mimi mwalimu wa biolojia. Nimezihesabu baadaye. Vema ambazo sikuwa na haki ya kuziweka ni 23.

Kwa nini siku 23 ziwe jambo? Hapo inanibidi nikumbushe kitu ambacho kila mtu wa kwetu anakikumbuka. Oktoba 2015 shimo liliporomoka Nyangalata, wilayani Kahama. Watu wakalia, wakaanza kuzika majina. Katikati ya Novemba, siku ya 41, sauti zikasikika chini, wakatolewa watano wakiwa hai. Walieleza wenyewe kwamba waliishi kwa kula mizizi, mende na vyura. Siku ile habari ilipotangazwa, kaka alikuwa Geita. Mama alikaa na redio kifuani kama anabeba mtoto. Tulijifunza jinsi uhai unavyoweza kujikunja ukawa mdogo sana, ukasubiri.

Bakteria wa kifua kikuu anajua kujikunja hivyo. Sipendi kumfananisha na wale watu, lakini njaa ni njaa. Chakula kikipungua, oksijeni ikipungua, baadhi yao wanaacha kukua. Hawajengi ukuta, hawagawanyiki, wanakula kidogo mno. Na dawa nyingi zinamkamata aliye kazini: isoniazidi inavunja ujenzi wa ukuta, na asiyejenga haina la kumvunjia. Hao waliolala ndio sababu ya miezi sita. Mgonjwa anajisikia mzima tangu mwezi wa pili, kumbe chini kuna waliosalia wanaosubiri kelele iishe. Ukiruka dozi leo, ukameza kesho, ukaruka tena, wanaoamka wanaikuta dawa imepungua, na kati yao yule mmoja mwenye kasoro ya bahati ndiye anayezaa.

*

Alirudi 2017 akiwa amekonda kuliko mara ya kwanza. Safari hii mashine ya GeneXpert ilitoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi: yupo, na ni sugu kwa rifampisini. Yawezekana usugu ule aliupata kwa mtu mwingine, kambini watu wanalala wengi kibanda kimoja, wanakoholeana. Yawezekana ulizaliwa ndani yake, katika zile siku zangu 23. Hakuna kipimo kitakachoniambia.

Akapelekwa Kibong'oto, chini ya Mlima Kilimanjaro, ambako matibabu ya kifua kikuu sugu yalianza nchini mwaka 2009. Hospitali ile ilianzishwa 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua. Wapenzi wa riwaya watakumbuka kwamba miaka miwili kabla yake Thomas Mann alichapisha *Der Zauberberg*, hadithi ya wagonjwa wa kifua waliolala kwenye viti vya kujinyoosha huko Davos, wakibishana falsafa na kula milo mitano kwa siku. Niliisoma kwa Kiingereza usiku wa ile miezi, na nakiri, sikuyafuata vizuri yale mabishano. Nilikuwa nahesabu milo.

Kati ya dawa alizopewa kaka, pamoja na sindano zilizomwachia mlio masikioni hadi leo, kulikuwa na moja iitwayo saikloserini. Ni kamolekuli kadogo, na kamefanana sana na alanini, asidi amino ambayo bakteria anaihitaji kujengea ukuta wake. Wanasayansi waliochunguza E. coli waliona tangu zamani kwamba saikloserini inavutwa ndani na protini ile ile inayovuta alanini. Bakteria anaiona, anadhani ni matofali, anaifungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe. Ndani inakaa kwenye nafasi ya alanini na ujenzi unasimama.

Nilipomweleza kaka hilo kwa simu, alicheka mpaka nikasogeza simu mbali na sikio. "Kontena la ugali!" Akanieleza: kuna shimo alilowahi kufanya kazi ambapo ukitoka unasachiwa mpaka kwenye soli za viatu. Watu wakawa wanaficha kipande cha jiwe lenye dhahabu ndani ya ugali uliobaki. Mlinzi anafungua kontena, anaona ugali, anafunga. Wasomaji wa Homer wangetaja farasi wa mbao wa Troya, na kweli siku hizi ipo antibiotiki iitwayo sefiderokoli, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 kwa bakteria wa aina nyingine, ambayo inashikana na madini ya chuma na kuingia kupitia mlango ambao bakteria wanautumia kuingizia chuma. Waandishi wa sayansi wanaiita Farasi wa Troya. Ila farasi wale walikuwa zawadi, pambo la kuwekwa uwanjani. Mimi naona kontena la ugali liko karibu zaidi na ukweli. Mlinzi hakudanganywa na kitu cha ajabu. Alidanganywa na chakula.

Saikloserini ilimtesa. Inafahamika kwa hilo: huzuni, ndoto mbaya, akili kuyumba. Kwa majuma kadhaa kaka aliota yuko duarani na kamba imekatwa, anaamka anapiga ukuta wa wodi. Alinisimulia kwa sauti ya chini, akaongeza, "Lakini namezea chai na mkate. Kila siku kuna chai na mkate." Ilichukua miezi 20 kwa jumla, sehemu hospitali, sehemu nyumbani. Alipona. Pafu moja halikurudi lilivyokuwa.

*

Desemba iliyopita nilikwenda kumwona. Yuko Geita tena. Hashuki shimoni, hawezi. Kupanda mlima kidogo tu anapumzika mara tatu. Anaandika viroba vinavyoingia kwa mtu mwenye karasha. Karasha linasaga mawe makavu, na vumbi lake ni lile lile, labda baya zaidi. Nimemnunulia barakoa nzuri, nimempelekea hata maneno ya kumwambia mwenye mashine amwagie mawe maji. Maji yanapunguza vumbi, na hili si jambo la kusubiri utafiti.

Jioni tulikaa nje. Nikachukua kijiti nikamchorea mchangani duara moja kubwa, nikazungushia la pili, nikatoboa matundu. Nikamweleza porini, akacheka kama wanafunzi wangu. Nikamweleza kwamba dawa inapita tundu la chakula, na anayeziba tundu anashinda dawa lakini anashinda na njaa.

Akautazama mchoro muda mrefu. "Sasa, mdogo wangu, nyie mlitaka mimi nizibe wapi?"

Sikuwa na jibu. Badala yake nikatoa kwenye mkoba ile kadi. Nimeitunza miaka yote hii ndani ya kitabu cha mikrobiolojia. Nikamwonyesha zile vema, moja moja, nikamwambia zipi nilizibuni na kwamba huenda ndizo zilizompeleka Kibong'oto. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, na nilikuwa nimejiandaa kwa msamaha wake pia, ambao ningeuona mwepesi mno.

Akaishika kadi karibu na macho maana giza lilikuwa linaingia. Akapitisha kidole kwenye visanduku kama mtu anayetafuta jina lake kwenye orodha.

"Si zote umebuni," akasema. "Siku nilizokula, nilimeza."

"Siku ngapi ulikula?"

Akafikiri. Kidole kikasimama kwenye kisanduku kimoja, kikahama, kikarudi. Wifi akatuita, ugali umeiva. Kaka akanirudishia kadi, akainuka taratibu akijishikilia kwenye goti langu, akaenda kunawa.